Nikiondoka kanisani, laana itanifuata?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, nimeolewa, watoto watatu, naishi Newala. Huu ni mwaka wa tisa nasali kwenye kanisa moja dogo la kiroho. Niliokoka pale, na kwa kweli pale ndipo maisha yangu yalipotulia. Sasa ni mhazini wa akina mama. Lakini miaka miwili hii mambo yamebadilika. Msimu wa korosho ukikaribia tunaandikishwa ahadi kabla hata ya mnada, na asiyetimiza jina lake linasomwa Jumapili mbele za watu. Mwaka jana nilikopa laki nne kwenye kikoba nikatimiza ahadi ya jengo. Jengo halijaongezeka hata tofali moja. Nilipouliza nikaambiwa nina roho ya uasi, nikasomewa 'msiwaguse masihi wangu'. Mama mkwe wangu ana presha. Aliombewa, akaambiwa aache vidonge kuonyesha imani, na ameacha. Dada mmoja aliondoka kanisani, miezi mitatu haikupita akapata ajali ya bodaboda, na mchungaji alilisema madhabahuni. Mume wangu hataki kusikia habari ya kuondoka kwa sababu mtoto wetu wa pili aliugua sana, akaombewa pale, akapona. Kwetu Masasi ni Waanglikana, mama ananiambia nirudi, ila mimi nimefundishwa kwamba kule ni kanisa lililokufa. Naogopa laana. Na naogopa nikifa, nani atanizika? Nibaki au niondoke?"

Marahaba, binti yangu. Swali lako la kubaki au kuondoka nitalijibu, na sitazunguka. Ila kwenye barua yako kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja mpaka uamue. Vidonge vya mama mkwe.

Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mtu aliyezoea kumeza kidonge kila asubuhi akiacha leo, kesho anaamka mzima, keshokutwa mzima, wiki ya pili anasimama kutoa ushuhuda. Kumbe ndani mishipa inaendelea kubeba mzigo uleule, na siku ikishindwa ndipo unaona mtu amepooza upande mmoja, au moyo umechoka, au figo zimekufa. Kwa hiyo kesho asubuhi mchukue, beba na maboksi ya dawa alizokuwa anatumia, nendeni zahanati au hospitali apimwe. Asijianzishie mwenyewe dozi zote za zamani. Mhudumu ampime, kisha amwambie aanze vipi. Na ukimwona mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umelegea ghafla, maneno yanatoka kwa kukokota, hapo usingoje kesho, tafuta usafiri saa hiyohiyo.

Akikuambia kupima ni kukosa imani, usianze kumjadili mchungaji naye. Mfungulie Mathayo 8. Yesu alimtakasa mtu mwenye ukoma, na papo hapo akamwambia aende akajionyeshe kwa kuhani, kwa sababu katika Torati kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kumtangaza kuwa safi ilikuwa ya kuhani. Aliyeponya kwa kweli ndiye aliyempeleka mgonjwa wake akakaguliwe. Mwambie mama: kama umepona mashine itasema, na sote tutashangilia. Kama bado, tutakuwa tumekuwahi. Maombi yaendelee, na vidonge viendelee.

Haya, sasa tuje kwenye hofu yako.

Nimekaa na watu wenye shida za kanisa kwa zaidi ya miaka ishirini, Mtwara mjini, Masasi na huko kwenu juu Newala, na neno ninalolisikia kuliko yote ni hilo ulilouliza wewe: laana itanifuata? Watu wazima, wenye akili zao, wanaoweza kusimama mbele ya mkutano wa chama cha msingi na kuhoji makato ya korosho shilingi kwa shilingi, wakifika hapo wanatetemeka. Siwacheki. Hofu hiyo imejengwa kwa ustadi, na ukishaona ilivyojengwa inapungua nguvu.

Inajengwa hivi. Dada yule aliondoka, akapata ajali, ikaitwa laana. Sawa. Sasa kumbuka miaka yako tisa pale. Hakuna mshirika mwaminifu, asiyekosa ibada, aliyeanguka na bodaboda? Hakuna aliyefiwa, aliyeibiwa, aliyeunguliwa nyumba, ambaye mikorosho yake ilishikwa na ubwiri unga msimu mzima? Bila shaka wapo. Na yalipowapata hayo, madhabahuni yaliitwaje? Jaribu. Adui ameinuka. Mungu anampima mtumishi wake. Tukio ni lilelile, pikipiki ni zilezile, barabara ya vumbi ni ileile. Jina tu limebadilika kwa kuangalia mtu amekaa upande gani wa mlango.

Mama mmoja wa Tandahimba alikuja kwangu na hofu kama yako. Nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia aandike kila aliyeondoka kanisani kwao tangu ajiunge. Mwanzoni alimkumbuka mmoja tu, ambaye alifiwa na mume. Nikamwacha, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa na majina kumi na moja. Mmoja anauza vitenge sokoni Mtwara, mmoja amepeleka mtoto chuo cha ualimu, wengine wanaendelea na maisha kama wewe na mimi, leo kizuri, kesho kibaya. Alikuwa akikutana nao kila siku. Hakuwahi kuwahesabu kwa sababu hakuna aliyewataja: mtu aliyeondoka akaendelea vizuri hana kazi kwenye mahubiri. Lifanye zoezi hilo, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Nami nikikueleza hapa haitatosha.

Ule mstari uliosomewa ni Zaburi 105:15. Usome kuanzia aya ya 12 uone ni akina nani hao masihi. Ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wakati ule walipokuwa wachache, wageni, wanatangatanga kutoka taifa hadi taifa, na walioonywa wasiwaguse ni wafalme. Mstari huo ulimlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Anayeusoma ili kumnyamazisha mama mwenye deni la kikoba aliyeuliza pesa ya tofali ameugeuza juu chini.

Na kama watakuletea habari za Daudi kukataa kumgusa Sauli, kubali kabisa, ni kweli. Pangoni Daudi alikata pindo la vazi la mfalme tu, na hata hilo likamchoma moyo. Lakini msome Daudi huyo mpaka mwisho. Sauli alipomrushia mkuki ukapiga ukutani, Daudi hakukaa pale akisema huyu ni mpakwa mafuta. Alikimbia usiku uleule. Baadaye akasimama mbali, akamwambia Sauli makosa yake kwa sauti, watu wote wakisikia, kisha kila mmoja akashika njia yake. Hakumdhuru, na hakurudi kukaa mahali mkuki unapofika. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na ninaona wahubiri wengi wanafundisha la kwanza tu.

Kisheria pia, kwa kuwa watu hutishwa hata kwa hilo: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Hakuna hati unayohitaji kusainiwa ndipo uruhusiwe kusali kwingine.

Kwa nini basi bado inakuwa ngumu hivi? Kwa sababu pale ulipata kitu cha kweli, na usikubali mtu akuambie ulipumbazwa tu. Uliokoka, ukatulia, ukapata wenzako wa kulia nao na kucheka nao. Shida ni kwamba yote hayo yamefungwa kwenye fundo moja: Mungu wako, marafiki zako, heshima yako ya uhazini, kikoba chako, mazishi yako, na mchungaji. Akilivuta yeye fundo, unahisi vyote vinavutika. Kazi yako miezi hii ni kulifungua fundo taratibu, uone kipi ni cha nani. Wokovu wako si mali yake. Marafiki si mali yake. Yeye ana kazi aliyokabidhiwa, na kazi huwa ina hesabu.

Kuna na jambo jingine linalokushika, nalo ni ile laki nne. Mtu akishatoa jasho jingi mahali hawezi kuondoka kirahisi, kwa sababu kuondoka ni kama kukiri kwamba jasho lilimwagika bure. Basi anaongeza jingine ili lile la kwanza lipate maana. Nimeona mtu akiuza hadi shamba kwa mtindo huo. Ulichotoa umekitoa kwa Mungu kwa moyo safi. Mungu amekiona, na hakipotei hata lile jengo lisipoinuka. Lakini hakikudai utoe kingine. Deni la kikoba ni lako, lilipe, na usikope tena ili utoe sadaka. Sadaka hutoka kwenye kile ulichonacho, ndivyo Paulo alivyowaandikia Wakorintho, si kwenye kile usichokuwa nacho.

Hizi ahadi za kabla ya mnada zinaniumiza, niseme wazi. Sisi wa kusini tunajua korosho ilivyo. Unapuliza salfa kuanzia katikati ya mwaka, unaokota kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, unapeleka ghalani, halafu unangoja mnada useme bei, ukate makato, ndipo pesa iingie benki. Anayekumbuka msimu wa 2018, Serikali ilipozinunua korosho na malipo ya wengi yakachelewa kwa uhakiki, anajua pesa ya korosho si pesa mpaka uishike. Kumwandikisha mkulima ahadi mwezi wa nane, kisha kusoma jina lake mbele ya watoto wake mwezi wa kumi na mbili, ni kumwekea aibu juu ya bei ambayo si yeye aliyeipanga. Wanaotumia Malaki 3 kudai zaka wangesoma na Kumbukumbu la Torati 14, mwisho wa sura: zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Pale kwenu mjane anakula nini kwenye hizo ahadi? Uliza tu.

Hata hivyo nisimhukumu mchungaji wako nisiyemjua. Wachungaji wa makanisa madogo huku kwetu wengi hawana mshahara. Wanaishi kwa sadaka, na sadaka ya mwaka mzima inategemea miezi mitatu ya korosho. Kodi ya nyumba, ada za watoto, michango ya ngazi za juu, vyote vinawasubiri hapo hapo. Mtu mwema akibanwa hivyo anaweza kuanza kubana wengine bila kujiona. Wapo pia wanaojua wanachofanya. Kwa sura huwezi kuwatofautisha, wala kwa ukali wa mahubiri. Mimi natumia njia moja, na kila anayeniuliza swali lako namwelekeza hapo: mwulize jambo la haki, kwa adabu, halafu tazama linalompata aliyeuliza.

Uliniambia uliuliza ukajibiwa uasi. Hukusema uliulizia wapi. Kama ilikuwa kwenye ibada, watu wakisikia, inawezekana alishtuka akajihami. Mpe nafasi moja ya haki. Nenda na mama mwingine mnayeaminiana, nyumbani kwake au ofisini, mchana. Wewe ni mhazini, una sababu ya kuuliza. Sema maneno machache: "Baba Mchungaji, akina mama tulichangia jengo. Tunaomba kufahamu kilichopatikana ni kiasi gani, kimetumika wapi, na kimebaki kiasi gani, ili nikawaeleze wenzangu." Basi. Usitaje roho ya uasi, usitaje laki nne yako, usitaje ya mama mkwe siku hiyo. Paulo mwenyewe alipobeba mchango wa makanisa alitaka watu wengine wafuatane naye ili asije mtu akamlaumu. Unaweza kuisoma 2 Wakorintho 8. Kuuliza hesabu ya sadaka ni kumsaidia mtumishi awe salama.

Kisha mtazame. Akikuambia, "Binti, ukweli ni kwamba pesa ilikwenda kwenye matibabu ya mke wangu, nilikosea kutosema," hapo una mtu wa kufanya naye kazi. Akisema mpeni wiki mbili akusanye risiti, mpeni wiki mbili. Hata akikasirika, halafu kesho akapiga simu kuomba radhi, hesabu hilo kuwa jibu jema. Lakini kama Jumapili inayofuata umehubiriwa wewe, au mumeo ameitwa pembeni akaambiwa amdhibiti mke wake, au umevuliwa uhazini bila hesabu kukaguliwa, jibu umelipata, na limetoka kwake mwenyewe.

Mlango wa juu yake pia upo. Kanisa lililosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya lina katiba yake na viongozi wanaotambulika, na kanisa la mtaani mara nyingi lina mwangalizi au askofu wa jimbo. Timotheo aliambiwa asipokee mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, na papo hapo akaambiwa wadumuo kutenda dhambi awakemee mbele ya wote. Kwa hiyo Biblia inaijua njia ya kumshtaki mzee wa kanisa. Mkienda, nendeni wawili watatu, na maandishi mkononi.

Mimi mwenyewe niliwahi kubaki. Kanisani tulipokuwa tukisali, pesa za nyumba ya mchungaji zilipotea njiani, tukauliza, na karibu mwaka mzima tulikuwa hatusalimiani vizuri na wazee. Nilikuwa nikifika ibadani nakaa karibu na mlango ili nitoke wa kwanza. Iliishia kwa karatasi ya mapato na matumizi kubandikwa mlangoni kila mwezi, mpaka shilingi mia tano ya kiberiti na mishumaa ikaandikwa. Ningeondoka mwezi wa tatu nisingeiona karatasi ile. Ndiyo maana simsukumi mtu atoke haraka. Ugomvi wa kwaya, mahubiri marefu, mama fulani aliyekusengenya, kunyimwa zamu ya kuongoza ibada: hayo utayakuta kila kanisa utakaloingia, na mtu anayehama kwa hayo atahama maisha yake yote.

Yako si hayo. Kwa uliyoyaandika, mizani yangu inaelemea kuondoka, na kinachonielemea zaidi ni vidonge, kuliko hata pesa. Mchungaji anayemwambia mama mzee aache dawa anacheza na uhai ambao si wake, na akishaambiwa hali halisi ya vipimo asikiri kosa mbele ya wale aliowaambia, mimi nisingeacha wanangu wakue chini ya mafundisho yake. Akikiri, akatangaza madhabahuni kwamba kila mwenye dawa aendelee nazo, akatoa hesabu, basi kubaki ni uamuzi wa heshima na nitakuunga mkono. Jipe muda wenye mwisho. Ukikaa tu ukingoja mabadiliko bila tarehe, mwaka wa kumi utafika, wa kumi na moja utafika.

Kuhusu mumeo. Usimdharau kwa habari ya mtoto. Baba aliyekesha na mtoto anayewaka homa, akamwona amefumbua macho baada ya maombi, hataisahau sura ya aliyeomba. Msaidie tu kutenganisha shukrani na deni. Msomee siku moja mkiwa mmetulia habari ya Naamani katika 2 Wafalme 5. Elisha alimponya jemadari yule kwa neno la Mungu, jemadari akaleta zawadi nono, na nabii akazikataa zote. Aliyekimbia nyuma kuzifuata ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na ukoma ndio uliompata. Kisha mwache afikiri. Usimpe amri ya kuchagua kati yako na kanisa, maana ukimlazimisha leo atachagua kwa hasira.

Inawezekana wewe ukasali kwingine na yeye akabaki kwa muda. Inauma, lakini ndoa nyingi zimeishi hivyo na hazikuvunjika. Kuhama kanisa hakuigusi ndoa yenu; ndoa iliyofungwa kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inabaki ndoa. Mkishindwa kusikilizana, ninyi mna wajomba. Kwa Wamakonde na Wamakua mjomba bado ana kiti chake, na mara nyingi mume asiyemsikiliza mke wala mchungaji mwingine atamsikiliza mjomba mtu mzima aliyekuja kwa upole. Watoto msiwafanye uwanja wa kugombania. Kubalianeni kwa muda waende wapi, na asiwepo mzazi wa kuwaambia kwamba mwenzake ataungua.

Ikifika kuondoka, ondoka mchana, kwa mlango wa mbele. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Wewe ni mhazini. Siku utakayoacha kwenda, neno la kwanza litakalosemwa ni kwamba umekula pesa za akina mama. Kwa hiyo kabla ya kutamka habari ya kuondoka, funga hesabu. Leta daftari, risiti na pesa taslimu iliyopo, zihesabiwe mbele ya mashahidi watatu, andikeni makabidhiano nakala mbili, kila mmoja asaini na tarehe iwepo, nakala moja kaa nayo. Piga picha kurasa za daftari kwa simu. Rudisha sare ya kwaya ikiwa imefuliwa. Kikoba nacho, kama wanachama ni haohao wa kanisani, ni vizuri umalize mkopo na ungoje mgao mnapovunja mwisho wa mwaka, usiache hisa zako zikawa sababu ya maneno. Halafu andika barua fupi: nashukuru kwa miaka yote, kuanzia tarehe fulani sitakuwa mshirika. Sababu umekwisha kuzisema ana kwa ana, hazihitaji kuandikwa tena. Usianze kuwavuta wenzako mmoja mmoja, wala usipeleke mambo haya kwenye kundi la WhatsApp. Akikuuliza mtu kwa dhati, mjibu ukweli unaoujua na uishie hapo.

Baadhi ya marafiki watakukwepa sokoni. Jiandae kwa hilo, maana huenda ndilo litakalokuliza kuliko la laana. Wengine wameambiwa wasikusalimie. Yohana, katika waraka wake wa tatu, anamtaja mtu aitwaye Diotrefe aliyependa kuwa wa kwanza, akawa anawazuia watu wasiwapokee ndugu na kuwatoa wanaowapokea. Hata kanisa la mitume lilikuwa na mtu wa namna hiyo, na mtume hakusema ile ilikuwa sauti ya Mungu. Salimia wewe. Baada ya msimu mmoja au miwili wengi huanza kuitikia.

Na mama yako Masasi? Kanisa alilokulelea huko lina mizizi ya mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Unguja, akapita Lindi, na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikusudia kuelekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi na kujenga. Miaka sita baadaye Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, waliwavamia, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa, na waliobaki wakaendelea kusali. Kusema kanisa la watu hao limekufa kwa kuwa ibada yake ni ya kitabu na haina kelele ni kusema haraka mno. Lakini pia sikuambii kwamba kule hakuna shida. Kuna michango, kuna wazee wakali, kuna Jumapili utasinzia. Nenda ukae benchi la nyuma miezi kadhaa, huko au kanisa jingine la jirani, bila cheo, bila kujiandikisha chochote. Mtu aliyetoka mahali na jeraha akipewa uongozi wiki ya tatu huwa hapati nafasi ya kupona. Sikiliza tu wanavyoongea juu ya wale walioondoka kwao.

Umeuliza nani atakuzika. Mara ya mwisho ulipokwenda msibani hapo Newala, uliangalia nani alikuwa na jembe kaburini? Huku kwetu ukoo mmoja una Muislamu, Mwanglikana, Mkatoliki wa Ndanda na mlokole, na wote huwa wamekuja. Vijana wa mtaa wanapokezana kuchimba, akina mama wa kila dini wanapika, mjomba anasema neno la ukoo. Mchungaji anafika mwisho na kitabu chake, na sala yake ni njema, lakini hajawahi kuzika mtu peke yake. Wewe endelea kwenda kwenye misiba ya watu, upike, ukeshe. Na ukijiunga na kanisa jingine, ibada ya mazishi itakuwepo kama ilivyo kwa mshirika yeyote.

Kuna hali ambazo barua haitoshi, unahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Kama hofu hii imekunyima usingizi kwa wiki nyingi, huli, au mawazo ya kujidhuru yamewahi kupita, nenda hospitali useme hivyo hivyo bila kuficha. Huo ni ugonjwa unaotibika. Mumeo au mtu yeyote wa kanisani akikutisha au kukupiga, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mtoto akizuiwa dawa au shule kwa sababu ya mafundisho, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mtu wako, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Na kama kuna shamba au kiwanja kiliandikwa jina la kanisa, usisaini karatasi nyingine yoyote kabla hujamwona msaidizi wa kisheria.

Nawe usiyabebe haya peke yako. Mtafute mama mmoja mtu mzima, asiye wa kanisa lenu, asiye na faida ukibaki wala ukiondoka, umweleze yote uliyonieleza mimi.

Ila kesho ni zahanati kwanza. Mkishapima, niandikie ile namba ya juu na ile ya chini walizowasomea.